Majani Mekundu ya Vuli: Twende Masaki Tukayaone

Ndugu msomaji, neno vuli lina maana mbili katika lugha yetu, na mara nyingi tunazitumia zote mbili bila kuona kwamba zinapingana. Kwa mkulima wa Pwani vuli ni mvua, zile mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba zinazomwezesha kupanda kunde na mahindi ya muda mfupi. Kwa mfasiri wa vitabu vya Ulaya vuli ni majira yanayofuata kiangazi cha nchi za kaskazini, wakati majani ya miti yanapogeuka manjano na mekundu, kisha yakaanguka. Wako wataalamu wa lugha walioona kwamba neno hilo limebebeshwa mzigo usio wake, wakapendekeza tuseme mapukutiko.

Walikuwa na sababu nzuri. Miezi ni ile ile, lakini mambo yanayotendeka mitini ni kinyume kabisa. Kule kaskazini Oktoba ni mwezi wa jani kufa. Huku kwetu, katika mapori ya miyombo, Oktoba ni mwezi wa jani kuzaliwa. Na ajabu ni kwamba rangi inakaribia kuwa moja: wekundu wa shaba, wekundu wa damu ya mzee, na manjano yenye kung'aa juani.

Wenzetu wa kaskazini wameufanya wakati huo kuwa sikukuu ya macho. Nchini Japani desturi ya kwenda milimani kutazama majani mekundu ina karne nyingi, na siku hizi watabiri wa hali ya hewa hutangaza kila mwaka tarehe ambazo majani yanatazamiwa kubadilika katika kila sehemu. Katika jimbo la Vermont, Marekani, nyumba za wageni hujaa mwishoni mwa Septemba na Oktoba kwa ajili ya majani tu. Watu wa Finland wana neno moja, ruska, kwa rangi hizo, na wengi hufunga safari hadi Lapland kuzitazama. Mtoto wa Temeke au wa Magomeni huziona picha hizo katika kalenda na katika simu ya mzazi wake, akaamini kwamba miti yenye rangi ni mali ya nchi za watu.

La hasha. Leo ukurasa huu unakualika upange safari ya familia, ya siku moja, isiyohitaji pasipoti wala ndege. Tutakwenda Masaki.

WAPI HASA?

Usidhani ninakusudia Masaki ya Rasi ya Msasani, kwenye majumba makubwa na upepo wa bahari. Ninasema Masaki ya Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, nchi ya Wazaramo, ng'ambo ya vilima vya Pugu. Familia nyingi za Dar es Salaam zina bibi, shangazi au shemeji huko, na humkumbuka wakati wa msiba au wakati wa maembe.

Mapori ya Kisarawe ni ya mchanganyiko. Kuna misitu ya pwani, kama ile ya Pugu na Kazimzumbwi, ambayo miti yake mingi haiachi majani yote kwa wakati mmoja. Kuna vichaka na mashamba ya mikorosho na mihogo. Na kuna miyombo, ile jamii ya miti iliyotawala magharibi na kusini mwa nchi yetu, kuanzia Tabora na Katavi hadi Lindi na Ruvuma. Miyombo ndiyo tunayoifuata. Hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi, kisha hufanya jambo ambalo mti wa busara, ungedhani, usingethubutu kulifanya: huchipua kabla mvua haijanyesha. Ardhi bado imepasuka, nyasi ni kavu, lakini mti umetumia maji uliyoyaweka akiba shinani na yale yanayovutwa na mizizi iliyokwenda chini sana, ukavaa majani mapya mekundu. Mkulima anapoyaona hujua kwamba siku za jembe zimekaribia.

Kwa nini mekundu? Jani lililokomaa lina rangi ya kijani inayolisaidia kutengeneza chakula kwa nguvu za jua. Baridi inapokaribia, mti wa kaskazini huivunja rangi hiyo na kurudisha mali yake ndani ya mti kama mtu anayefunga duka. Ndipo manjano iliyokuwa imejificha inapoonekana, na baadhi ya miti hutengeneza wekundu mpya mwishoni. Jani changa la myombo nalo hutengeneza wekundu wa jamii hiyo hiyo, ila mwanzoni, kabla halijajaa kijani. Wataalamu wanaeleza kwamba wekundu huo husaidia kulikinga jani laini na ukali wa jua, na huenda pia na wadudu. Kwa hiyo rangi moja ni sanda huko na ni nguo ya mtoto mchanga huku.

KUPANGA SIKU

Kosa la kwanza ambalo safari ya namna hii haisamehe ni kuchelewa. Wekundu wa miyombo haukai. Jani hutoka jekundu, likawa la shaba, likawa la kijani chepesi, na yote hayo yaweza kumalizika katika wiki mbili hivi. Tena miti yote haichipui siku moja. Kwa hiyo wekeni macho kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na katikati ya Oktoba, na chagueni Jumapili mbili: ya safari, na ya akiba.

Wajapani wana watabiri wao; sisi tuna bibi. Mpigieni simu. Msalimuni kwanza kwa taratibu, shikamoo ipokelewe, habari za afya na za shamba ziulizwe zote, kisha ndipo mwulize: "Bibi, miyombo imeshavaa?" Atacheka, kwa kuwa hajapata kuulizwa swali hilo na watu wa mjini, lakini jibu lake litakuwa sahihi kuliko kalenda yoyote. Asiye na ndugu huko aulize kwa mfanyakazi mwenzake anayetoka upande huo. Katika kila kiwanda na kila ofisi ya Dar es Salaam hakosekani mtu wa Kisarawe.

Jambo la pili ni fedha. Safari hii haihitaji mkopo, lakini isipopangwa italeta ugomvi mwisho wa mwezi. Andikeni katika daftari mambo manne: nauli ya kwenda na kurudi kwa kila kichwa, chakula, zawadi ya wenyeji, na akiba ya dharura. Jumla yake igawanywe kwa wiki nne au sita, na kila wiki fungu lake liwekwe kando. Baba aweke, mama aweke kama ana kipato chake, na hata mtoto mwenye senti za peremende atoe moja; akitoa, safari itakuwa yake.

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Familia nyingi zikisema "tunakwenda kupumzika", maana yake ni kwamba jiko linahamishwa kutoka uani kwenda porini, na mama analifuata. Yeye ndiye anayeamka saa kumi alfajiri kukaanga maandazi; yeye ndiye anayekaa chini ya mti kuosha sahani wakati wengine wanatembea. Mama huyo atarudi nyumbani akiwa hajaona jani. Pangeni basi tangu mapema: chakula kiwe kile kinachoweza kuliwa kikiwa baridi, kama vile mihogo ya kuchemsha, mayai, chapati, ndizi na machungwa, kipikwe Jumamosi jioni na wote, na kila mmoja aoshe kikombe chake. Baba abebe kikapu. Haitapungua heshima yake.

Beba maji ya kutosha, kwa kuwa huo ni mwisho wa kiangazi na visima vya wenyeji huwa vimepungua. Vaa viatu vinavyofunika mguu. Chukueni mkeka, kofia, dawa ya kidonda, na daftari moja lenye karatasi ngumu ambalo nitakueleza kazi yake hivi punde.

NJIANI

Wasio na gari wapande daladala hadi Gongo la Mboto au Pugu, kisha Kisarawe mjini, mahali palipo umbali wa kilometa 30 na kidogo kutoka katikati ya jiji. Kutoka hapo watafute usafiri wa kuelekea Masaki. Ondokeni mapema. Mwanga wa asubuhi, jua likiwa bado chini na kupenya jani kutoka nyuma, ndio unaoonyesha wekundu. Saa sita mchana rangi hupauka.

Njia yenyewe ina masomo yake. Hapo Pugu waonyesheni watoto upande iliko shule ambako Mwalimu Nyerere alifundisha, na ambako mwaka 1955 aliacha ualimu ili ashike kazi ya kudai uhuru. Waelezeni kwamba vilima wanavyovipanda vina udongo mweupe ambao ulichimbwa tangu zamani, na kwamba mapango ya machimbo hayo leo ni makao ya popo wengi. Familia yenye muda yaweza siku nyingine kuingia katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, lakini iulize kwanza utaratibu na kiingilio. Kwa safari yetu ya leo tusitie mambo mengi katika kikapu kimoja.

Mkifika, pigeni hodi. Pori si la mtu asiyekuwepo. Msiingie vichakani kama watu waliopoteza ng'ombe; nendeni kwanza kwa mwenyeji wenu, naye awapeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, mseme mmekuja kufanya nini. Mkisema mmekuja kutazama majani watashangaa kidogo. Semeni hivyo hivyo. Sukari, sabuni na mkate mliovileta vitolewe hapo nyumbani, si kama malipo bali kama adabu. Na mpeni kijana wa hapo nafasi ya kuwaongoza, kwa kuwa anajua njia, anajua nyoka hupenda kulala wapi, na anajua jina la kila mti.

KAZI YA DAFTARI

Kabla hamjaondoka mjini, watoto watafute jani la mkungu. Mkungu, ule mti wenye matawi yaliyopangwa kama meza juu ya meza, ambao watoto hupopoa kungu zake, umejaa katika viwanja na kando ya barabara za Dar es Salaam. Huu ni mti wetu wenye tabia ya Ulaya: majani yake makubwa huwa mekundu kabla ya kuanguka. Liokoteni moja lililokwisha anguka, libaneni katika daftari.

Huko Masaki, kando ya jani hilo, mtoto aweke jani changa moja la myombo. Moja tu, tena la tawi la chini. Ayashike yote mawili. La mkungu ni gumu, linavunjika. La myombo ni laini kama sikio la mtoto wa mbuzi, na limelegea kana kwamba halijajifunza kusimama. Mwulizeni: lipi ni la mzee na lipi ni la mtoto? Swali hilo moja litamfundisha habari za majira kuliko kurasa nyingi za kukariri. Chini yake aandike tarehe, mahali, na jina alilotajiwa na mwenyeji. Mwaka ujao aongeze ukurasa.

MTAKACHOKIONA

Sasa sina budi, ndugu msomaji, kukuandaa kwa jambo jingine, usije ukaulaumu ukurasa huu. Ukienda Masaki ukitazamia ukuta wa miti mirefu kama ule wa kalenda, hutauona. Mahali pengi utaona wekundu ukiwa chini, kwenye usawa wa goti au wa kiuno. Inama utazame. Utakuta kisiki, na kuzunguka kisiki kile machipukizi kumi au kumi na matano, mekundu yote. Mti ule ulikatwa. Unajaribu tena.

Ni nani aliyeukata? Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliolinganisha hali ya misitu inayolizunguka jiji la Dar es Salaam mwaka 1991 na mwaka 2005. Watafiti waliona kwamba ukataji hutoka jijini kama wimbi: mbele hutangulia wanaotafuta mbao za thamani, nyuma yao wanaotafuta mbao za kawaida, na mwisho huja mkaa, ambao hauchagui. Mwaka 1991 wimbi la mkaa lilikuwa umbali wa kilometa 20 hivi kutoka jijini. Mwaka 2005 lilikuwa limefika kilometa 50. Masaki imo ndani ya duara hilo. Wimbi limekwisha pita juu yake, na wewe unatembea ufukweni baada ya maji kupwa.

Ni rahisi kumlaumu mchoma mkaa. Lakini mchoma mkaa wa Kisarawe ni mkulima ambaye kiangazi hakimpi kitu, na ada na dawa havingoji mvua. Yeye ni mkono. Tumbo liko kwetu. Katika tanuri la udongo la kienyeji kilo 100 za kuni kavu kwa kawaida hutoa mkaa usiozidi kilo 20 hivi. Nyingine zote zimekwenda na moshi. Kwa hiyo gunia moja linaloingia Mbagala limeacha nyuma yake rundo la miti ambalo mnunuzi halioni. Na hapa ndipo safari nyingi za mjini zinapoharibika. Familia huenda kijijini, huvuta hewa safi, husifu uzuri wa nchi, kisha jioni hufunga magunia mawili juu ya gari kwa sababu "huku mkaa ni rahisi". Tumekwenda kutazama majani, tumerudi na shina lake.

Basi weka sharti hili katika mpango wako, uliandike katika daftari lile lile kando ya nauli: katika safari hii hatununui mkaa. Nunueni embe likiwepo, nunueni korosho, nunueni asali, kuku, mihogo, mikeka. Shilingi ileile ifike kijijini kwa mlango mwingine. Korosho na asali humlipa mtu kwa kuuacha mti umesimama, mkaa humlipa kwa kuulaza.

Sharti la pili ni moto. Msiwashe hata wa chai; chupa ya chai inatosha. Kuna jambo lililojulikana zamani huko Ndola, Zambia, ambako mwaka 1933 maofisa misitu walitenga viwanja vya miyombo na kuanza kuvitendea namna tofauti: kimoja kilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, kingine kilichomwa mwishoni mwa kiangazi, kingine kililindwa kabisa na moto. Baada ya miaka mingi kiwanja cha moto wa mwisho wa kiangazi kilikuwa kimepoteza miti yake na kuwa nyasi, ilhali kile kilicholindwa kilikuwa kimesongamana miti. Moto wa Septemba na Oktoba ni mkali kwa kuwa kila kitu kimekauka, tena hulikuta jani likiwa changa. Kijiti kimoja cha sigara chaweza kulifuta pori zima mlilokuja kuliona.

Lakini habari njema nayo isemwe. Kisiki cha myombo hakifi upesi. Kisipochomwa na kisipong'olewa kwa ajili ya shamba, machipukizi yake hukua, yakashindana, machache yakashinda, na pori likarudi. Mtoto wako mwenye miaka saba leo akirudi mahali pale akiwa mtu mzima, anaweza kuyatazama majani hayo kwa kuinua kichwa badala ya kuinama. Itategemea kama kisiki kitaachwa kipumue, na hilo nalo litategemea sana jiko letu.

MKISHARUDI

Jumatatu kazi itaendelea, nguo za safari zitafuliwa, vumbi jekundu la Kisarawe litatoka na maji. Ndipo familia iketi nusu saa tu kuzungumza habari za jiko. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Mwenye uwezo wa gesi au umeme asingoje mwaka huo. Asiye na uwezo bado ana la kufanya: jiko banifu linalokula mkaa kidogo, maharage kulowekwa usiku kucha ili yaive upesi, sufuria kufunikwa, na moto uliobaki kuzimwa badala ya kuachwa uteketee bure. Hayo ni mambo ya kawaida, lakini mtoto aliyeinama juu ya kisiki atayaelewa kwa namna nyingine, na huenda ndiye atakayekukumbusha kifuniko.

Zamani tuliambiwa misitu ni mali, nasi tuliitikia kama watu wanaoitikia wimbo. Mali ambayo mtu hajaiona ni vigumu kuilinda. Chukua basi kalenda yako leo jioni, chagua Jumapili mbili, mpigie bibi simu, na anza kuweka fungu la kwanza la nauli. Msipokuwa na ndugu Masaki, miyombo ya Kitulangalo huonekana hata kutoka barabara kuu ya Morogoro, na abiria wa reli ya TAZARA hupita katikati yake kwa muda mrefu. Lakini Masaki ni karibu, na kule kuinama kuna faida yake.

Tukutane Jumapili ijayo.